Damu Imepona, Mtu Je?

Hotuba hii, juu ya maisha ya mgonjwa baada ya kupandikizwa uboho, niliitoa Malindi, pwani ya Kenya, mbele ya wagonjwa wa saratani, jamaa zao, wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini. Wengi wa Lamu na wa Tana walitaka kuja, safari ikawashinda. Naiweka yote hapa kwa ajili yao. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, hazikuongeza kitu.

Assalaam alaykum. Na ninyi ndugu zangu ambao salamu yenu ni nyingine, hamjambo?

Mmesikia wenyewe mlivyojibu? "Hatujambo!" Ukumbi mzima, sauti moja. Humu ndani mna watu ambao jana usiku hawakupata usingizi kwa maumivu. Mna watu ambao mdomo umewakauka hata mkate haupiti bila chai. Nao wamejibu hawajambo. Siwalaumu, hata mimi ningejibu hivyo. Lakini mimi ni muuguzi, na jibu hilo hunipa taabu kuliko maradhi mengi ninayoyajua. Leo nataka tulizungumze.

Mada niliyopewa ni kupima ubora wa maisha ya mgonjwa wa saratani baada ya kupandikizwa uboho. Ni maneno mazito, na kila moja lina kazi yake. Uboho mnaujua: ndio ule mnaougonga kwenye mfupa wa supu mpaka utoke. Humo ndimo damu inamotengenezwa. Mtu mwenye saratani ya damu, yaani lukemia, au limfoma, au mayeloma, hufika mahali madaktari wakaamua kumpa kemo, zile dawa za kuua saratani, kali mno, pengine pamoja na mionzi, hata uboho wake mwenyewe ukafutika. Kisha hurudishiwa seli mama za damu. Wengi hudhani hapo pana kisu. Hapana kisu. Mfuko unatundikwa, seli zinaingia kwa mshipa kama dripu, nazo zinatafuta njia hadi ndani ya mifupa zikaanza kazi. Seli hizo huenda ni zake mwenyewe, zilizotolewa mapema zikahifadhiwa baridini. Au ni za mtu mwingine, mara nyingi ndugu wa tumbo moja.

Tiba hii ina historia. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani na wenzake waliandika juu ya majaribio yao kwa binadamu mwaka 1957, na wagonjwa wale wa mwanzo hawakuishi muda mrefu. Aliendelea. Mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Jirani zetu Tanzania, katika hospitali ya Muhimbili, walianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa mayeloma, kwa seli za wagonjwa wenyewe. Watu wetu wa pwani wengi bado wanapanda ndege kwenda India.

Sasa niwaulize. Mgonjwa anaporudi kutoka India anarudi na nini? Anarudi na faili. Nene. Ndani mna himoglobini, mna chembe nyeupe, mna pleteleti, mna picha za mifupa. Kila siku ina namba yake. Nimezisoma faili hizo kwa heshima zote, maana namba zile ndizo zilizomwokoa. Lakini nikifika ukurasa wa mwisho najiuliza: na mtu mwenyewe yuko wapi humu? Damu imepona. Mtu je?

Zamani swali hilo halikuwa na nafasi, na ninaelewa kwa nini. Watu wakifa ndani ya wiki chache, utahesabu nini zaidi ya waliobaki hai? Leo wengi wanaishi miaka. Na mtu anayeishi miaka ana haki ya kuulizwa anaishi vipi.

Nianze na hili: nani anayejibu?

Mwishoni mwa miaka ya 1940 daktari mmoja wa Marekani, Karnofsky, pamoja na mwenzake Burchenal, walitunga kipimo cha kuanzia 0 hadi 100. Mia ni mtu mzima asiye na lalamiko. Tisini ni mtu anayefanya shughuli zake, ana dalili ndogo tu. Sabini anajihudumia mwenyewe lakini kazi haiwezi. Sifuri mnaijua. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo na kina faida yake, kwa kuwa ni chepesi. Ila angalieni ni nani anayeandika ile namba. Ni daktari. Anakutazama ukiingia mlangoni, anakuuliza mawili matatu, anaandika.

Kulikuwa na mvuvi mmoja wa upande wa Kizingitini. Mayeloma. Alipandikizwa, akarudi, faili lake limeandikwa tisini. Na ukimtazama ni tisini kweli: anatembea, anavaa mwenyewe, anakula, anacheka. Nikamwuliza, baba, baharini umerudi? Akanyamaza. Halafu akanyoosha mikono yake. Dawa za mayeloma nyingine huuma mishipa ya fahamu, vidole vikafa ganzi. Akaniambia: "Mwanangu, naushika mshipi, samaki anakula chambo, mimi sina habari." Mvuvi wa mshipi ambaye hamsikii samaki! Huyo ni tisini kwa nani? Kwa daktari ambaye kalamu ndiyo kazi yake, mkono ule ni mzima. Kwa mwenye mkono, umekatwa.

Ndiyo sababu watu wakatafuta njia ya kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1993 lile shirika la Ulaya la utafiti wa saratani, EORTC, lilichapisha hojaji ya maswali 30 iitwayo QLQ-C30. Inauliza juu ya wiki iliyopita: nguvu za mwili, kazi, moyo, kumbukumbu, watu wa nyumbani, uchovu, maumivu, kichefuchefu, usingizi, hamu ya kula, choo, fedha. Mwaka huo huo Wamarekani wakatoa ya kwao, FACT-G, ambayo leo ina maswali 27, kila moja linajibiwa kuanzia 0, hata kidogo, hadi 4, sana. Na mwaka 1997 wakaiongezea sehemu ya watu waliopandikizwa uboho, ikaitwa FACT-BMT. Humo wanaulizwa mambo ambayo mtu wa saratani nyingine haulizwi: unajutia kupandikizwa? Unajiona uko mbali na watu wengine? Macho yanaona? Mwili unatetemeka?

Sizitaji ili mkariri majina. Nataka mwone jambo moja: katika hizi zote, kalamu imehamishwa mkono. Mwenye jibu ni mgonjwa.

Na hapa wauguzi wenzangu mnisikilize. Si daktari peke yake anayemnyang'anya mgonjwa jibu. Na sisi tumo. Na jamaa wamo, tena hao ndio hodari. Mama ameketi, bintiye ameketi pembeni. Unauliza, "Mama, unapata usingizi?" Binti: "Analala vizuri tu." "Mama, unakula?" Binti: "Anakula, ila mvivu." Mama anatazama sakafu. Binti yule ana mapenzi, ameacha kazi yake amekuja kumwuguza mamake. Lakini mapenzi hayo yamefunga mdomo wa mama. Siku hizi humwambia binti kwa adabu, mwanangu, hebu nendea maji huko nje. Na akirudi upesi, namtuma tena.

Haya, sasa tuje kwenye lile "hatujambo".

Pwani hii mtu hulelewa hivyo. Ukiulizwa hali, unasema njema. Ukizidiwa, unasema alhamdulillahi, na hilo ni neno la imani, silitanii. Kushukuru katika shida ni katika dini. Lakini mtafiti kutoka nje akija na karatasi yake, akaandika "mgonjwa hana tatizo", ameandika nini? Ameandika adabu ya mgonjwa. Hakuandika hali yake.

Na kuna jambo jingine chini ya adabu, ambalo ilinichukua muda kulielewa. Ni mchango.

Mnajua jinsi mtu anavyokwenda India. Haendi kwa pesa zake. Kunaitishwa harambee. Msikitini kofia inapita, kanisani sahani inapita, kundi la simu linafunguliwa, kila jioni mweka hazina anaandika nani ametoa ngapi. Mtu anauza mbuzi. Mtu anauza kiwanja. Mgonjwa anajua nani ametoa nini, jina kwa jina. Kisha anarudi hai. Watu wanamiminika kumtazama. Wanataka kuona nini? Wanataka kuona mtu aliyepona. Wamelipia.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, si mbali na tulipo, alikaa karibu mwaka akiwapokea wageni kwa leso mpya na uso mkunjufu. Kila aliyemwuliza alimwambia, "Nimepona, Mungu awalipe." Kliniki naye vilevile: nimepona. Siku moja nikaacha kuuliza kwa maneno. Kuna kipimo kilichotungwa na chama cha Afrika cha huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na dhiki, APCA, kwa ajili ya watu wa bara hili. Kina maswali kumi: saba kwa mgonjwa, matatu kwa anayemwuguza. Kinauliza siku tatu zilizopita tu. Na uzuri wake ni kuwa unaweza kujibu kwa mkono. Ngumi ni sifuri. Kidole kimoja, viwili, hadi vitano. Hakihitaji kalamu wala kujua kusoma, na huhitaji kutamka neno lolote la kulalamika. Nikamwuliza: maumivu? Kidole kimoja. Wasiwasi juu ya maradhi yako? Mkono ukafunguka wote. Vidole vitano, vinatetemeka. Nikamwuliza, umeweza kumwambia mtu yeyote unavyojisikia? Hapo mkono ukafunga. Ngumi. (Jihadharini, enyi mtakaokitumia: maswali mengine vidole vitano ni shari, mengine vidole vitano ni heri. Hilo la kumwambia mtu, ngumi ndiyo mbaya.)

Baadaye akasema kwa mdomo: "Nikisema sijapona, watasema pesa zao zimepotea."

Ndugu zangu, mmelisikia hilo? Mtu aliyechangiwa hana ruhusa ya kuumwa. Ninyi wazee wa kamati za mchango, ninyi maimamu, ninyi wachungaji, ninawaomba jambo dogo. Mtakapomkaribisha mgonjwa aliyerudi, msimsimamishe mbele za watu atoe ushahidi kuwa amepona. Mwacheni aketi.

Liko na la tatu linalofunga mdomo, nalo ni kuona haya. Katika ile FACT kuna swali kuhusu mambo ya chumbani, kama mtu ameridhika nayo. Walioitunga walijua si kila mtu atapenda kulijibu, wakaweka kisanduku: kama hutaki kujibu, weka alama hapa uendelee mbele. Yaani mgonjwa amepewa ruhusa ya kukataa. Lakini kwetu nani anayekataa? Muuguzi! Akifika swali lile analiruka, eti huyu ni mzee wa watu, nitamwulizaje. Na kemo ile kali huweza kuzuia hedhi ya mwanamke kijana moja kwa moja, huweza kumkausha, huweza kumwondolea mwanamume hamu na nguvu. Ni jambo linalojulikana, lina ushauri wake na lina dawa zake. Mwanamume mmoja wa Lamu alitazama lile swali kwa muda, akaweka alama sifuri, hata kidogo, kisha akaandika pembeni kwa mkono wake: "Mke wangu anadhani nimeoa India." Nusura nicheke, kisha nikaona aibu ya kutaka kucheka. Ndoa ilikuwa inavunjika kwa swali ambalo hakuna aliyethubutu kuliuliza. Tuliwaita wote wawili. Muuguzi mwanamume akazungumza na mume, muuguzi mwanamke akazungumza na mke, ndivyo ifaavyo huku kwetu. Mkazungumzie hilo mahospitalini mwenu.

Sasa maswali yenyewe. Je, yanatufaa?

Mengi yanatufaa. Uchovu ni uchovu, Ulaya na Faza. Lakini ile ya Ulaya inauliza kama unapata shida kubeba kitu kizito, ikatoa mfano wa mfuko wa sokoni au sanduku la safari. Mfuko wa sokoni sawa. Sanduku la safari, bibi wa Siyu alilibeba lini? Mwulize ndoo ya maji. Inauliza kutembea mwendo mrefu. Lamu hatutembei mrefu, mji ni vichochoro; sisi tunapanda. Nyumba zetu za mawe chumba kiko juu, ngazi ni nyembamba na kila kidato kina kimo chake. Mama mmoja alijibu kutembea hakumpi shida yoyote. Kweli. Alikuwa hajashuka chini tangu arudi, kwa hiyo hana anakotembea.

Na je, kuna swali la sijida? Mtu anayeweza kutembea lakini hawezi kuinama akaweka paji la uso chini, ameanza kusali kwenye kiti, na moyo wake umeingia unyonge ambao hakuna hojaji iliyouona. Kuna swali la kupanda na kushuka mashuani pale gatini Mokowe? Kuna swali la sinia? Hili la sinia ni kubwa kuliko mnavyodhani. Baada ya kupandikizwa, kinga ya mwili inakuwa changa, hata chanjo za utotoni hupotea nguvu na mtu huchanjwa upya, na zile chanjo hai kama ya surua hungojewa angalau miaka miwili. Kwa hiyo anaambiwa: usile vyombo vya pamoja, jiepushe na misongamano. Ni ushauri sahihi. Lakini katika nyumba ambayo watu sita wanakula sinia moja, yule mwenye sahani yake pembeni ameambiwa nini kila siku mchana? Kijana mmoja alisema hilo lilimchoma kuliko kunyonyoka nywele. Basi nyumba ile ikaamua kila mtu awe na sahani yake mpaka muda upite. Jambo la sahani sita tu, na wala si ghali.

Hapa nitawazuia vijana wenye bidii, wanaosema tuyafute maswali ya Ulaya tutunge yetu. La. Ukibadilisha swali, huwezi tena kulinganisha jibu la Malindi na la Dodoma au la London, na kulinganisha ndiko kunakotuwezesha kudai dawa. Hojaji hizi zina wenyewe, zina utaratibu. Zinatafsiriwa na watu wawili mbalimbali, zinarudishwa lugha ya asili na mtu mwingine ambaye hakuiona ya kwanza, kisha wagonjwa wanaketishwa na kuulizwa: hapa umeelewa nini? Kazi hiyo inawezekana kwetu. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya kujaribu hojaji nyingine ya afya kwa jumla, SF-36, kwa Kiswahili huko Tanzania. Tutumie zilizopimwa, kisha pembeni, katika karatasi yetu, tuongeze ya kwetu: sijida, ngazi, mashua, sinia, deni. Na Kiswahili peke yake hakitoshi. Mama wa Marafa anayeota kwa Kigiriama akiulizwa kwa Kiswahili cha vitabu atajibu "ndiyo" ili uondoke.

Na lini tuulize?

Ukishuka ufukweni mara moja tu, ukakuta maji yamekupwa, utasema bandari hii haingii hata mtumbwi. Rudi baada ya saa sita. Mgonjwa wa uboho ndivyo alivyo. Wiki mbili tatu za mwanzo huwa chini kabisa: mdomo vidonda, tumbo linaendesha, homa, kutengwa. Ukimpima siku hiyo peke yake, utaapa kuwa tiba hii ni ukatili. Kwa hiyo tunampima kabla hajaingia, tukampima akiwa humo, tukampima karibu na siku ya 100, miezi sita, mwaka, na baadaye. Ile ya kabla ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Bila hiyo, utajua vipi ameshuka au amepanda?

Na baada ya mwaka? Watu wanasema mwaka umekwisha, shughuli imekwisha. Huko Seattle, Marekani, waliwafuata watu wazima waliopandikizwa kwa lukemia na limfoma, wakachapisha mwaka 2004. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 19 tu ndio waliokuwa wamerudi sawa kote, mwili, moyo na kazi. Miaka mitano baadaye, asilimia 63. Mwili hutangulia, moyo na kazi hufuata nyuma. Kwa hiyo wewe mwajiri, wewe mume, wewe mkwe unayeuliza mbona huyu bado anachoka na ana mwaka mzima, jibu ni kwamba huo ndio mwendo wake. Na aliyepata seli za mtu mwingine ana safari ya ziada: seli zile ngeni huweza kuushambulia mwili wake, ngozi ikakakamaa, macho yakakauka, ini likasumbuka, kifua kikabana. Hilo laweza kuja miezi mingi baadaye, ameshasahau hospitali. "Macho yanawasha" kwa mtu huyo si vumbi la kaskazi mpaka daktari aseme hivyo.

Kuna kitendawili hapa ambacho kinanishughulisha mpaka leo. Kijana wa Mambrui alikuwa akiendesha bodaboda. Kabla ya kupandikizwa alijipa alama za chini. Mwaka mmoja baadaye hana pikipiki, ana duka la vocha na soda, anachoka saa nane mchana anajilaza. Alama zake? Juu kuliko mwanzo. Nikadhani amekosea, nikamrudishia karatasi. Akasema hapana, zamani nilikuwa najipima na wenzangu wa stendi, siku hizi najipima na yule niliyelala naye chumba kimoja kule. Wataalamu wanalijua hilo: kipimo ni kile kile, mtu ndiye aliyebadilika ndani. Wengine huliona ni kosa la kurekebishwa kwa hesabu. Mimi naona kijana yule alisema kweli mara zote mbili.

Wala msisahau wasiojibu. Karatasi hujazwa na aliyefika kliniki. Aliyeshindwa na nauli ya kutoka hapa hadi Mombasa, kilomita 120, au aliyeshindwa kushuka ngazi Lamu, avuke, kisha akae basini kupitia Witu na Garsen, huyo hana alama. Halafu tunajumlisha waliofika tunasema wagonjwa wetu wanaendelea vizuri! Kama nafasi ya jibu iko wazi, mtu aende akaone kwa nini. Hapo ndipo ninyi wahudumu wa vijijini mnapowapita maprofesa.

La mwisho. Tukishapata jibu, tunafanya nini nalo?

Nitasema bila kupamba: kumwuliza mtu maswali thelathini akiwa amechoka, kisha ukafungia karatasi kabatini, ni kumdhulumu. Afadhali usiulize. Lakini ukiuliza na ukatenda, mambo hubadilika. New York walifanya utafiti wa wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa. Hawa hawakuwa wa uboho, lakini somo linatuhusu. Kundi moja lilitibiwa kama kawaida. Wa kundi la pili waliripoti dalili zao wenyewe kwa kompyuta, na dalili ikizidi, muuguzi alipata taarifa. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: walioulizwa waliishi miezi 31 kwa wastani wa katikati, wenzao 26. Miezi mitano! Hawakuongezewa dawa mpya ya saratani. Waliulizwa, na muuguzi akapiga simu.

Na kwa watu wa uboho hasa: Boston, wagonjwa 160, mwaka 2016. Nusu yao waliongezewa huduma shufaa tangu wakiwa wodini. Wengi hapa mnadhani huduma shufaa ni ya anayekufa. Hawa walikuwa wanatibiwa wapone. Walitumia ile FACT-BMT. Wiki mbili baadaye wote walikuwa wameshuka, lakini wale wa huduma shufaa walishuka kwa alama kama 15, wenzao kama 22. Miezi sita baadaye walikuwa na huzuni kidogo kuliko wenzao.

Katika ile hojaji ya Ulaya, ambayo alama zake ni 0 hadi 100, mabadiliko ya alama 10 mgonjwa mwenyewe huyahisi mwilini. Kwa hiyo sisi tumejiwekea: akishuka kumi, hatungoji tarehe ya kliniki. Simu. Asipopatikana kwa simu, mhudumu wa kijiji anakwenda nyumbani. Mdomo mkavu una dawa. Usingizi una dawa. Ganzi ya vidole ina mazoezi, na dozi huweza kupunguzwa. Deni halina dawa hospitalini, hilo ni lenu wazee wa kamati.

Mlangoni kijana mmoja amenishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nikijaza majibu mabaya, hawatanikatia dawa wakasema tiba imeshindwa?" Nataka nimjibu mbele ya wote, maana najua si wake peke yake. Hapana. Huu si mtihani, hakuna anayeanguka. Aliyejaza vizuri na aliyejaza vibaya wanapata dawa ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja wao nitampigia simu kesho asubuhi.

Karatasi ziko pale mezani, za Kiswahili upande huu, na dada yule wa leso ya kijani atawasomea kwa Kigiriama wanaotaka. Jamaa mliowaleta wagonjwa, chai na mahamri viko nje, tafadhali mtangulie. Haya, maswali. Nianze na kina mama huko nyuma.